Wafaransa Wawili Waliolala Sebuleni

Kabla ya picha ile kuletwa, kuta za sebule yetu zilikuwa na vitu vinavyojieleza. Kulikuwa na picha ya harusi, picha ya Rais, kalenda ya AMCOS iliyokwisha muda wake lakini haitolewi kwa sababu ya fahali aliyechapishwa juu yake, na saa ambayo betri zake huhamia kwenye tochi kila giza linapoingia. Ukuta wa upande wa jikoni ulikuwa mtupu. Nilikuwa nimeutengea kabati la vyombo, na Baba watoto alikuwa ameshakubali kwa ile sauti ya mtu anayekubali ili aachwe asikilize redio.

Tunaishi Bukundi, wilaya ya Meatu, upande ule mkavu wa mkoa wa Simiyu unaoelekea Mto Sibiti na mpaka wa Singida. Mume wangu ni afisa ugani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Bariadi mjini, jambo ambalo wakwe zangu hunikumbusha kila ugali unapokuwa laini. Aliyetuletea mkasa ni shemeji yangu, mdogo wake Baba watoto, mfanyabiashara wa Kariakoo, mmoja wa wale wanaokwenda Guangzhou mikono mitupu na kurudi na kontena la kuchangia. Safari hiyo mwenyeji wake alimpeleka hadi Shenzhen, kwenye mtaa unaoitwa Dafen, akakuta watu wamejaa vichochoroni na brashi mkononi, kila mmoja ananakili picha za Wazungu waliokufa zamani.

“Shem,” akanipigia simu aliporudi Dar, “nimewatumia kitu cha ukutani. Kimechorwa kwa mkono, rangi ya mafuta, siyo karatasi ya kubandika.”

“Kabati?”

“Kitu cha heshima zaidi.”

Kwa kuogopa kitu cha heshima kisivunjwe na mizigo ya wenzake kwenye buti la basi, shemeji alikiviringisha, akakitia ndani ya bomba la plastiki la inchi nne, akaziba ncha zote mbili kwa gundi ya mafundi bomba. Konda akaandika kwenye stakabadhi: “bomba 1”. Basi likapita Shinyanga, Kolandoto, Lalago, likashusha bomba Mwanhuzi, na kutoka hapo kijana wa bodaboda akalifunga mgongoni kwa mpira wa baiskeli na kulileta Bukundi mchana kweupe, watu wote wakiona.

Ni lazima uijue Bukundi ya kiangazi ili uelewe kilichofuata. Hapa, mvua ikishakata, mito hubaki mchanga, na watu huchimba mchangani kutafuta maji, kisha punda huyabeba kwa madumu. Bomba likiingia kijijini halipiti kimyakimya. Bodaboda hajalipwa, mwenyekiti wa kitongoji yuko mlangoni na watu watano nyuma yake.

“Mwadila, mwalimu.”

“Mwadila, mwenyekiti.”

“Tumefurahi sana. Kisima kinachimbwa upande gani?”

Nikamwambia hakuna kisima, ni zawadi ya picha. Mwenyekiti akalitazama bomba, akanitazama mimi, akaomba kiti. Alisema atasubiri. Alisubiri mpaka Baba watoto aliporudi kutoka mashambani, likakatwa kwa msumeno wa chuma, na kitambaa kizito kikateleza nje kikitoa harufu kali ya mafuta. Ndipo mwenyekiti aliponyanyuka na kusema neno moja tu, “Haya”, akaenda kuutawanya umati uliokwisha kuleta ndoo.

Tuliitandaza mezani. Mwanamume amelala chali kwenye mabua ya ngano, mikono chini ya kichwa, kofia imemfunika uso, miguu peku. Kando yake mwanamke amejikunja, uso ameulaza mikononi. Viatu vya mwanamume vimevuliwa na kuwekwa chini, na karibu navyo miundu miwili imelazwa pamoja. Nyuma yao lundo kubwa la mavuno, na mbali kidogo tela na ng'ombe waliopumzishwa. Kote ni njano iliyoiva, mbingu ni bluu, na rangi imewekwa kwa unene hata ukipitisha kidole unahisi matuta.

Shemeji alikuwa ametuma maelezo kwa WhatsApp, na mengine niliyatafuta mwenyewe, maana mwalimu hatundiki kitu asichoweza kukieleza. Picha ya asili ni ya Vincent van Gogh, Mholanzi. Aliichora kati ya Desemba 1889 na Januari 1890, akiwa Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili aliyoingia kwa hiari yake. Ilikuwa majira ya baridi, wakulima hawapo mashambani, na yeye hatoki atakavyo. Basi akachukua picha ndogo zilizochapishwa kwa wino mweusi, kazi za Jean-François Millet, Mfaransa aliyejulikana kwa kuwachora wakulima na kufariki mwaka 1875, akaanza kuzinakili kwa rangi zake mwenyewe. Hakuna aliyemwambia hiyo njano. Aliitoa kichwani. Julai 1890 Van Gogh alifariki akiwa na miaka 37, na picha hiyo leo iko Paris, kwenye makumbusho ya Orsay. Yeye na wachoraji wenzake Cézanne na Gauguin walikuja kupewa jina la kundi, Posti-Impreshonisti, na Mwingereza Roger Fry mwaka 1910, wakati wote watatu wako kaburini.

Baba watoto alihesabu kwa vidole. Millet amechora. Mtu mwingine amemchonga Millet kwenye ubao ili achapishwe. Van Gogh amenakili chapa. Fundi wa Dafen amemnakili Van Gogh.

“Hii ni nakala ya nakala ya nakala,” akasema. “Serikalini haipokelewi bila mhuri wa mwanasheria.”

Kisha akaigeuza, akakisugua kitambaa kwa nyuma, na uso wake ukabadilika. “Mama watoto, hii ni pamba.”

Tangu hapo picha ikawa mali yake. Mtu anayeshinda juani akiwaambia wakulima wapande kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 30, wachunguze funza wa vitumba, wasichanganye pamba safi na fifi, huwezi kumpa kitambaa cha pamba akanyamaza. Simiyu ndiyo inayoongoza kwa pamba nchini, na sehemu kubwa ya pamba nyuzi yetu husafirishwa nje ikiwa ghafi, imefungwa kwenye marobota. Alianza kuwaambia wageni kwamba huenda hii ni pamba ya Meatu, imekwenda China ikapakwa rangi, ikarudi nyumbani na bei juu. Ushahidi hana, na nimemwambia. Anasema afisa ugani ana haki ya kukisia.

Kuhusu fremu nitasema kwa kifupi kwa sababu bado inaniudhi. Fundi seremala wa gulioni ni bingwa wa vitanda na majeneza, na fremu aliijenga kwa mawazo hayo. Alitaka kuigongea picha kwa mbele, kwa misumari ya bati yenye vichwa vipana, akasema itapendeza. Baba watoto akamzuia, akamsomea kwenye simu kwamba kitambaa huvutwa kuanzia katikati ya kila upande kuelekea pembeni, na kufungwa kwa nyuma. Fundi akafuata. Alichokificha ni kwamba mbao zilikuwa mbichi. Jua la Septemba lilipoingia chini ya bati letu, fremu ikajipinda, kitambaa kikalegea, na tumbo la Mfaransa likatuna. Watoto wakaanza kusema anavimbiwa. Wachoraji wenyewe hutengeneza fremu ambayo pembe zake hazijagundishwa, ili kitambaa kikilegea ugonge kabari ndogo kwenye pembe na kukikaza tena. Yetu ilikuwa imegundishwa na kupigwa misumari ya kitanda. Ilibidi ikatwe upya, na kwenye mwanya wa nyuma tukakuta dondola ameshajenga.

Lakini fremu ni jambo la mbao. Kesi yenyewe ilianza siku alipokuja baba mkwe.

Baba ni mzee wa pamba na ng'ombe. Huja na fimbo yake, huketi kwenye kiti kinachotazama mlango, hupewa maji, ndipo husalimiwa vizuri. Siku hiyo aliketi kinyume, akautazama ukuta mpaka maji yakapata moto.

“Hawa ni akina nani?”

“Ni wakulima wa Ufaransa, baba.”

“Wamekufa?”

“Wamelala, baba. Ni saa sita mchana.”

“Msimu gani?”

“Wa mavuno.”

Akageuka, akanitazama mimi, si mwanawe. “Wakati wa mavuno wamelala. Na nyinyi mmewatundika.”

Nilikosa jibu. Ni mtu wa kizazi cha bugobogobo, cha kulima kwa ngoma, majembe yakirushwa juu na kudakwa, mstari mzima ukienda pamoja, na mvivu akijulikana kabla jua halijapanda. Ukipita Bujora, pale makumbusho ya Wasukuma karibu na Kisesa, ngoma hiyo huchezwa kwa ajili ya wageni. Baba aliicheza kwa ajili ya ekari. Kwake, kutundika watu waliolala shambani ni sawa na kutundika cheti cha mwanafunzi aliyefeli.

Hata hivyo alikuwa mwadilifu. Alinyanyuka, akasogea, akaikagua picha kipande kwa kipande. Miundu ameiona: imewekwa pamoja, makali upande mmoja, haitamkata mtu. Vizuri. Viatu vimevuliwa. Vizuri, miguu ipate hewa. Kwenye ng'ombe alikaa muda mrefu zaidi. “Wamepumzishwa,” akasema. “Huyu mtu si mjinga.” Halafu akaiweka fimbo kwenye lile lundo la nyuma, karibu aitoboe. “Hili wamelivuna wao, au wamelikuta?”

Hakuna aliyejua. Akaondoka bila kula, akisema atarudi nikishapata jibu.

Mama mkwe hakujali lundo. Tatizo lake lilikuwa mwanamume na mwanamke kulala pamoja mbele ya wageni. “Mtu anaingia kwa heshima zake anakuta watu wamejilaza?” Alitoa kitenge chake kipya, akashona pazia, akalitundika kwenye waya mbele ya picha. Lifunguliwe tukiwa wenyewe, lifungwe akibisha mtu. Sikubisha. Kitenge kilikuwa kizuri, na kwa mara ya kwanza ukuta ule ulipendeza.

Ila jamani, weka pazia mbele ya kitu kijijini uone. Wageni walikuwa wakinywa chai macho yako kwenye kitenge. Wengine walijua tuna paneli ya sola juu ya bati. Wengine walijua shemeji yuko Kariakoo na anakwenda China. Wakajumlisha. Ikapatikana televisheni bapa, inchi arobaini na kitu, ambayo mwalimu anaificha ili watoto wa watu wasije kujaza sebule.

Simba na Yanga walikuwa wanacheza Jumamosi. Tangu saa tisa vijana walianza kuingia uani mmoja mmoja, kwa adabu nyingi. Mmoja aliniletea kuni. Mwingine aliwasalimia watoto wangu kwa majina, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Mkeka ukatandikwa sebuleni bila mimi kuombwa. Mwenyekiti wa kitongoji akafika na shati la pasi, akakalia kiti cha baba mkwe. Wote hao walikuwa wameacha kwenda kibanda umiza, na kiingilio chao kiko mfukoni. Nilidhani wamekuja kwa msiba nisioujua, nikaanza kuwaza sukari.

“Mwalimu,” akasema mwenyekiti kwa upole, “muda unakaribia.”

“Muda wa nini?”

Akaonyesha pazia kwa kidevu. Kabla sijafungua mdomo, mwanangu wa mwisho, ambaye alikuwa amekatazwa kuligusa, aliona hadhira ile na akashindwa kujizuia. Akalivuta.

Chumba kikanyamaza. Mfaransa chali, kofia usoni. Mkewe amejikunja. Ng'ombe wametulia. Watu wazima wakatazama kwa muda ambao sitausahau, wakisubiri mtu asogee. Mwenyekiti ndiye aliyevunja ukimya.

“Kumbe ni mapumziko,” akasema.

Walicheka mpaka mkeka ukajikunja, kisha wakatoka mbio kuelekea kibanda umiza. Mpaka leo nikipita kijiweni husikia sauti: “Mwalimu, kipindi cha pili hakijaanza?” Pazia tuliliondoa kesho yake. Mama mkwe mwenyewe alisema afadhali watu waone wamelala kuliko wafikirie tuna televisheni.

Sasa wifi. Wifi yangu ni mtu mwema na ni mtu wa usafi, na mchanganyiko huo ukiingia nyumbani kwako mwezi wa Agosti, ficha unachokipenda. Vumbi la Agosti hapa huingia hata mlango ukifungwa, na jiko letu la kuni liko ukuta wa pili. Picha ilikuwa imefifia kweli. Mimi nilikuwa shuleni. Alianza kwa sabuni ya unga. Vumbi likatoka, masizi yakabaki. Akaongeza mafuta ya taa kwenye kitambaa.

Niliporudi alinipokea mlangoni ameshika kitambaa chenye njano tele.

“Wifi, mmeuziwa feki. Inachuja.”

Alikuwa ameanzia chini, kwenye pembe. Mabua ya ngano yalikuwa yamepakaana yakawa uji wa haradali. Muundu mmoja ulikuwa umepoteza mpini. Na kiatu kimoja cha Mfaransa, kile cha mbele, hakikuwepo. Palipokuwa na kiatu palikuwa na kitambaa cheupe, pamba tupu. Wifi alikiri kwamba alipaona pagumu akadhani ni tope limeganda, akapasugua kwa nguvu.

Hapo ndipo Baba watoto alipotoa somo, amesimama katikati ya sebule na buti za shamba. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo. Hakuna maji ya kutoka. Rangi imechanganywa na mafuta ya mbegu za kitani, ambayo hunasa hewa taratibu na kujigeuza kuwa ganda gumu. Mafuta ya alizeti hufanya hivyo kwa shida, ya mbegu za pamba ndiyo kabisa, hubaki yananata. Pale palipopakwa nyembamba hukauka kwa siku kadhaa, lakini palipopakwa nene, nje huwa kavu na ndani bado mbichi kwa miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Kiatu kilipakwa nene. Dafen huchora kwa oda, picha hutoka kwenye brashi ikaingia kwenye bomba kabla haijapata umri. Ukiiletea mafuta ya taa, unaifungua upya. Wifi alisikiliza yote, akauliza swali moja: “Kwa hiyo ningetumia petroli?”

Hakulia yeye. Nililia mimi, tena kwa siri, maana kumbe picha ile nilikuwa nimeizoea.

Aliyetuokoa ni kijana mmoja anayeandika mabango ya maduka na kuchora nembo za shule. Alikuja na makopo yake ya rangi ya mafuta, zile za hadweya za kupakia madirisha na mageti. Nilisita. Halafu nikajiambia: Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 Dar es Salaam kwa rangi hizohizo za kung'aa na vipande vya hadibodi, na leo watu wanaruka na ndege kumfuata. Tena wacha niseme jambo. Watu wakisikia habari za Dafen hucheka, eti Wachina wanapiga kopi. Mfanyabiashara wa picha, Huang Jiang, alihamia pale kutoka Hong Kong mwaka 1989, kikiwa kijiji kidogo, na kikaja kuwa na maelfu ya wachoraji wanaotuma picha kwenye mahoteli na maduka ya dunia nzima. Sawa, ni kopi. Lakini Tingatinga alipigwa risasi mwaka 1972, na ndugu zake na wanafunzi wao wanachora tembo na ndege wa namna ileile mpaka sasa, na wengi wamesomesha watoto kwa hao tembo. Mkono uliojifunza kwa kunakili ni mkono bado. Mmoja wa wachoraji wa Dafen, Zhao Xiaoyong, ambaye alinakili picha za Van Gogh kwa miaka mingi, alionyeshwa kwenye filamu ya mwaka 2016 akienda Ulaya kuziona za asili. Huko Amsterdam alikuta kazi zake zinauzwa kwenye duka la zawadi kwa bei mara nyingi ya ile anayolipwa yeye. Mkulima yeyote wa pamba wa Meatu anaielewa hadithi hiyo bila kutafsiriwa.

Kijana wa mabango alianza na mabua, akayapata vizuri sana. Mpini wa muundu akaurefusha kidogo, ukawa wa kukatia majani ya ng'ombe. Kufika kwenye kiatu akasimama.

“Mwalimu, kilikuwa kiatu gani?”

“Kama hicho kingine.”

Alikitazama hicho kingine kwa mashaka. Cha kizungu, cha zamani, kizito, hakijulikani kinafungwaje. Akasema yeye hachori asichokijua. Akainama, na kwa mipigo michache akaweka katambuga: soli ya tairi, kanda mbili za mpira zimepishana juu, hata zile alama za tairi zikaonekana ubavuni. Ni katambuga bora kuliko zote nilizowahi kuona zimechorwa. Kisha, chini kwenye pembe, akaandika namba yake ya simu kwa herufi za duka. Tulimwomba aifute. Alikubali kuipunguza.

Shemeji alikuja mwisho wa mwaka, akaiona kabla hajaketi. “Nani amemvalisha Van Gogh katambuga?” Kaka yake akamweleza. Akasema thamani imeshuka. Nikamuuliza imeshuka kutoka ngapi. Akakohoa, akauliza kama chai ipo. Wifi, ambaye naye alikuwepo, alitamka kwa sauti kwamba kile kiatu kipya ndicho pekee kisichochuja.

Hayo yote yakiendelea, baba mkwe alikuwa bado anasubiri jibu lake. Nililipata. Millet hakuchora adhuhuri peke yake. Alichora nyakati nne za siku: mtu na mkewe wanakwenda shambani asubuhi, wamelala mchana, mwanamume anamaliza kazi jioni, na usiku wote wawili wako ndani kwenye mwanga wa taa pamoja na mtoto. Van Gogh alizinakili zote. Nilimwonyesha baba kwenye simu, moja baada ya nyingine, mbele ya wote. Asubuhi, mwanamume ana uma wa majani begani. Jioni, anavaa koti kuondoka shambani.

Alizitazama kwa utaratibu, simu ameiweka mbali na macho. “Kwa hiyo walitoka alfajiri.”

“Ndiyo, baba.”

“Na baada ya kulala waliamka wakaendelea.”

“Ndiyo, baba.”

“Basi lundo ni lao.” Akanirudishia simu na kumgeukia shemeji. “Wewe umekwenda mpaka China, umekuta siku nzima inauzwa, ukanunua adhuhuri tu. Hata kwenye picha umechagua pa kulala.”

Ndivyo kesi ilivyoisha. Shemeji ameagizwa kuleta alfajiri, kwa gharama zake, na isiwekwe kwenye bomba. Baba ameshaanza kuijadili: mwanamke amepanda punda na mwanamume anatembea kwa miguu, na yeye anataka kujua ni nani basi amebeba maji. Kabati la vyombo limehamishiwa ukuta wa chumba cha watoto.

Na wewe msomaji, kama una picha ya rangi ya mafuta ukutani, isiguswe na maji wala sabuni. Vumbi hufutwa kwa brashi laini, kavu, taratibu, na isitundikwe ukuta mmoja na jiko. Mafuta ya taa yaache kwenye taa.